Ruta Mbili za Bi Mwanaidi

Kilwa Masoko
3 Juni 2024

Hussen Likwata, fundi,

Salamu sikupi. Salamu hupewa mtu anayejua kubisha hodi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa namba yako nimeifungia kwenye simu yangu, na sitaifungua kwa ajili ya boksi la plastiki lenye masikio manne.

Boksi lako limeharibika. Wageni wananijia mapokezi mmoja baada ya mwingine, simu mkononi, sura kama waliofiwa. Huyu anasema mtandao unashika lakini haufungui kitu. Yule anasema asubuhi ulikuwa mzuri, mchana umekufa. Mwalimu wa chumba cha mbele, mtu mzima na ndevu zake, ananitishia kuhamia kwa jirani, penye kunguni na mtandao. Baada ya Idi napokea watu wa semina, nyumba nzima wameichukua, na walipopiga simu hawakuuliza chakula wala maji. Waliuliza mtandao. Wakija wakaukosa hawarudi tena, na nyumba hii ndiyo inayotulisha mimi na mwanangu tangu baba yake alipofariki.

Najua ulichofanya. Umekaa huko Lindi, umebonyeza kitu, umenizimia, kisa yale ya mwezi uliopita. Basi tuyaseme. Ulikuja hapa kufunga ruta, ukala pweza wangu, ukakaa siku ambazo kazi yenyewe haikuzihitaji, ukimwangalia mwanangu Naima. Ukaondoka. Halafu Ijumaa moja nimetoka kuswali, simu inalia, naambiwa kuna ujumbe wa WhatsApp: "Mama mambo, naomba kumuoa Naima." Na kikatuni cha pete mwishoni. Mama mambo! Mimi binti Pazi, ambaye babu zangu wamezikwa Kilwa Kivinje kabla huko kwenu Nyangamara hapajalimwa mkorosho hata mmoja, naposewa binti kwa "mama mambo". Hukuleta mshenga, hukuandika barua, hata shikamoo hukuona haja. Hata anayekuja kuuliza bei ya mbuzi hutanguliza salamu.

Na lile neno la siri uliloliweka kwenye boksi, ukalibandika mapokezi. Mwalimu wa chumba cha mbele kalisoma kwa sauti mbele ya watu: "naimawangu". Akaniuliza Naima wangu ni nani. Nikamwambia ni paka.

Sasa nijibu kwa karatasi, mpe konda wa basi, ueleze boksi linafufuliwaje. Kuja usije.

Mwanaidi binti Pazi


Lindi Mjini
6 Juni 2024

Bi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, ingawa najua marahaba yako ni ghali, sitaisubiri.

Sijakuzimia. Ningetaka kukuzimia nisingehitaji kubonyeza kitu, ningekaa tu nikasubiri, maana chombo kikiingia mikononi mwako hujifia chenyewe. Nilipoondoka niliiacha ruta juu ya rafu ya ukumbini, peupe. Nina hakika haipo pale. Nina hakika umeiingiza kwenye kabati la vyombo, lile lenye kioo nyuma, katikati ya glasi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzinywea, na juu yake umetandika kitambaa cha kudarizi. Kama nimekosea, niite mwongo.

Ruta si pambo. Inatoa mawimbi, na mawimbi yakigonga kioo cha kabati yanarudi yalikotoka. Ile nguo nayo inaifanya ichemke. Itoe.

Sasa nakueleza kazi yake kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la tatu, na wao huelewa. Wewe una nyumba ya wageni. Mgeni akifika, mapokezi anampa ufunguo wenye namba ya chumba. Ruta ndiyo mapokezi. Simu ya mgeni ikiingia kwenye mtandao inaomba namba, ruta inaipa yake peke yake. Kwa watu wa nje, nyumba yako ina jina moja tu. Kijana wa mgahawani akileta sahani ya chipsi hamjui mlaji, anafika mlangoni, basi. Mapokezi ndiye anayekumbuka kwamba chipsi zimeagizwa na namba tatu na si namba sita. Ruta inafanya hivyo hivyo na kila picha na kila ujumbe unaoingia humo ndani, usiku na mchana, bila kulalamika na bila kuwasengenya wageni. Hapo ndipo ilipokuzidi.

Nyuma ina matundu. Lile la bluu liko peke yake, ni mlango wa kutokea nje, unaingia waya unaoshuka kutoka kwenye kisahani cha paani. Yale ya njano ni milango ya ndani. Hakikisha waya wa paani uko kwenye bluu, maana ukiingia tundu silo haupitishi kitu. Kisha zima ukutani, kunywa chai yako, washa, subiri taa zitulie. Ukivua ile miwani myeusi unayoivaa ndani ya nyumba kama msanii wa bongo fleva, utaziona.

Kuhusu posa, dunia imebadilika, Bi Mwanaidi. Ujumbe ni ujumbe. Nilikuwa mkweli, nilisema ninachotaka kwa mstari mmoja, na wewe ukaona ni heri unifungie namba. Na Naima hanijibu tangu siku ile. Najua umemnyang'anya simu. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita unamnyang'anya simu, halafu unanifundisha mimi adabu.

Kitu kimoja nakusifu, mwandiko. Sikuutegemea. Herufi zimekaa vizuri, zina mikia mirefu, mtu anasoma kama anakunywa maji. Ni maneno yake tu yaliyochacha.

Hussen Likwata


Kilwa Masoko
9 Juni 2024

Hussen,

Barua yako nimesomewa mbele ya chai, na chai ikanishinda.

Ndiyo, ilikuwa kabatini. Ndiyo, na kitambaa. Nyumba yangu haiwekwi vitu sebuleni vikiwa uchi. Kwenu labda mnaishi na mashine za kupukuchulia mahindi vitandani, mimi sijui, sijafika na sitarajii kufika. Lakini nimekutii. Naima amepanda kiti, ameirudisha kwenye rafu. Waya wa paani uko kwenye bluu. Tumezima, tumekunywa chai, tumewasha.

Sasa ni balaa zaidi. Zamani walikuwa wanakosa wote kwa zamu, sasa wanagombana. Kuna mfanyabiashara wa ufuta chumba cha nyuma. Akishika mtandao yeye, mwalimu wa chumba cha mbele anakatika. Mwalimu akizima simu akawasha, anapata yeye, mwenye ufuta anakatika. Wanavutana kama watu wawili chini ya shuka moja. Jana wametukanana ukumbini, mmoja kamwita mwenzake mwizi wa mtandao. Mimi nimesimama katikati nikiwaamulia watu wazima kwa kitu kisichoonekana wala kushikika. Na maboksi yote mawili yanawaka taa zake vizuri kabisa, nimeambiwa ni za kijani, kwa hiyo usiniambie habari za taa.

Hilo darasa lako la tatu halijasaidia. Mapokezi ninayemjua mimi hawezi kumpa mgeni ufunguo kisha akamnyang'anya katikati ya usingizi. Kama ruta ndiyo mapokezi, basi huyu ni mlevi, na aliyemleta ni wewe.

Simu ya Naima anayo Naima. Kama hakujibu, jiulize nani alikwambia kwamba kutojibu ni kunyang'anywa simu.

Na hilo la dunia kubadilika usinirudie tena. Dunia imebadilika, mlango haujabadilika. Posa inaandikwa, inafungwa kwenye bahasha, inabebwa na mshenga mwenye mvi anayejua kukaa kwenye mkeka. Sikusema haiingii. Nimesema ina mlango wake. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba waya ukiingia tundu silo, haupitishi kitu.

Nijibu upesi. Idi inakaribia, na watu wa semina nyuma yake.

Mwanaidi binti Pazi


Lindi Mjini
12 Juni 2024

Bi Mwanaidi,

Umesema "maboksi yote mawili". Mimi nilifunga moja.

Nimecheka mpaka jirani kauliza kuna nini. Barua mbili nzima unanitukana, kumbe umeingiza ruta ya pili ndani ya nyumba na hukuniambia. Usijisumbue kunificha ni nani aliyeileta. Ni Saad, mpwa wako, yule anayeuza makava ya simu pale sokoni na kutembea na miwani kichwani, ambaye siku zile alikaa mezani kwako akimwita Naima binamu kila baada ya tonge, wote tukajua binamu maana yake nini. Kaleta ruta kama zawadi ya nyumba. Ule ndio mkeka wake wa posa. Yeye hakuambiwa alete bahasha, kwa sababu yeye ni wa Masoko na mimi ni mla mizizi ya ming'oko wa Nyangamara.

Haya, sikiliza alichokufanyia mkwe wako mtarajiwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Umeweka mapokezi wawili kwenye meza moja, na kila mmoja ana funguo za vyumba vile vile. Mwalimu anafika, wa kwanza anampa namba tano. Mwenye ufuta anafika, wa pili hajui kama kuna wa kwanza, naye anampa namba tano. Sasa wako wawili namba tano. Chipsi zikija, anakula atakayewahi. Huo ndio ugomvi wako wote. Tena ruta zenyewe mbili zimetoka kiwandani na namba moja ya kuitiwa, yaani hata mapokezi wenyewe wana jina moja.

Dawa yake ni hii. Chomoa waya unaounganisha ruta hizo mbili. Chukua simu, unganisha na ruta ya Saad peke yake. Fungua pale unapofungulia mtandao, andika zile namba zilizobandikwa chini ya tumbo lake, itafunguka sehemu ya mipangilio. Kwanza itoe kwenye kugawa namba, iambie inyamaze. Kisha ibadilishe namba yake yenyewe, tarakimu ya mwisho tu, isifanane na ya kwanza. Hifadhi. Rudisha waya pale pale alipouweka Saad, njano kwa njano. Ni hilo tu alilopatia, na sidhani alijua. Hapo ya kwanza itagawa, ya pili itapeleka mawimbi vyumba vya nyuma na kutii. Zitakaa pamoja miaka.

Lakini najisumbua. Kumweleza mtu kama wewe mambo ya ruta ni kumwashia kipofu taa. Atakuuliza joto linatoka wapi.

Na posa sitaandika. Mjomba wangu Abilahi alishaniambia niandike, akasema ataibeba mwenyewe. Nikamwambia siwezi kupiga magoti kwenye karatasi mbele ya mtu asiyejua tundu la bluu na la njano. Naima akinitaka, njia ya Lindi anaijua.

Hussen Likwata


Lindi Mjini
19 Juni 2024

Bi Mwanaidi,

Shikamoo. Idi mubaraka.

Nimesubiri majibu, konda anapita mikono mitupu. Nadhani ruta imewashinda. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi yenyewe imepita. Watu wa semina watakuwa wameshafika sasa, na mimi huku sina raha, nawaza ile rafu na ule ukumbi.

Mjomba Abilahi alikuja kula Idi kwangu. Nikamsomea nakala niliyobaki nayo ya barua yangu ya mwisho, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akanyanyuka, akaenda dukani, akarudi na bahasha nyeupe, akaiweka juu ya meza, akasema hataondoka Lindi mpaka nimeijaza. Amevaa kanzu ya kuja huko tangu asubuhi.

Basi nitaijaza. Kama mimi nilizidi, na wewe ulizidi. Tukija na mjomba nitatengeneza na ruta hapo hapo, yatakwisha yote kwa siku moja. Tupe tu siku.

Hussen


Kilwa Masoko
23 Juni 2024

Hussen,

Ni mimi Naima. Uangalie vizuri mwandiko huu, una mikia mirefu. Uliusifu. Katika barua zako zote hilo ndilo neno zuri pekee uliloandika, na uliliandika bila kujua unamwambia nani.

Mama haandiki. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, karibu mwaka wa pili sasa, na jua likimpiga machozi yanamtoka. Ndiyo ile miwani. Hakupenda mtu ajue, hasa mtu anayekula mezani kwake, kwa hiyo ulipokuwa hapa alikuwa anakupakulia pweza kwa kupapasa na wewe hukuona. Maneno ya barua ni yake, mkono ni wangu. Kama posa yako ungeiandika kwenye karatasi tangu mwanzo ningekujibu kwa karatasi, na ungeujua mwandiko wangu kabla hujatukana.

Simu yangu sikunyang'anywa. Niliinyamazisha mwenyewe siku ile ya "mama mambo". Nilitaka uone aibu, uje kwa mlango. Mama alipotaka kukuandikia kuhusu ruta alisema hivi: "Mtu akikupenda humjui. Mngoje akiudhika. Andika." Nikaandika. Nakwambia waziwazi, nilikuwa nacheka peke yangu, na matusi mengine nilimuongezea mimi. Lile la paka ni langu. Nilijua utaumia kidogo, utatabasamu, utamwandikia mama kwa heshima ukijua anakupima, kwa sababu kwetu hapa kila mtu anajua mama wa binti hutukana kwanza. Kitambaa cha harusi nilikuwa nimeshakichagua.

Barua yako ya kwanza mistari ya kejeli niliiruka. Ile ya miwani niliisoma kwa sauti ya chini, mama akacheka, akasema kijana ana ulimi, si mbaya. Ya pili niliipokea kwa konda mama akiwa amekaa pembeni yangu ananisubiri, sikupata nafasi ya kuipitia. Nikasoma tu, jicho na mdomo pamoja. Nimeshatamka "kipofu" ndipo najua sentensi inakwenda wapi, na ukishafika hapo huwezi kurudi nyuma. Umemtukana mama yangu kwa mdomo wangu, Hussen. Alinyamaza. Baadaye akasema, "Hakukosea. Joto nalisikia, taa siioni." Akaniambia niendelee. Nikaendelea mpaka pale uliponiambia njia ya Lindi naijua, kama mtu anayeita mbuzi.

Ukitaka kusema hukujua kuhusu macho yake, ni kweli, hukujua. Ulidhani unamwambia mtu anayeona. Hata hivyo ulimwambia.

Ruta tumeshatengeneza, siku moja kabla ya Idi, kwa maelekezo yako. Mama alikaa kwenye kiti anakariri kila neno kwa kichwa, mimi nabonyeza. Chomoa waya, shika simu, namba za chini ya tumbo, iambie inyamaze. Alikuwa ameyashika yote, hata lile la tarakimu ya mwisho, mimi ndiye niliyesahau akanikumbusha. Na tundu la bluu na la njano anayajua kwa kidole, kwa sababu la bluu liko peke yake. Watu wa semina wamefika, vyumba vyote vinashika, mwalimu na mwenye ufuta wanakunywa kahawa pamoja. Unajua kazi yako, hilo siwezi kukunyima.

Saad usimfikirie. Nilipomwambia ruta yake ndiyo iliyoleta fitina, akasema tatizo ni umeme wa Kilwa. Nimemwambia binamu abaki binamu.

Mwambie mjomba Abilahi avue kanzu. Mpe shikamoo yangu. Yeye angeingia nyumba hii hata bila bahasha, mama amesema hivyo, na mimi nililia aliposema. Barua yako ya mwisho ilikuwa na nafasi ya neno "samahani" mahali pengi, nimeisoma mara nyingi nikilitafuta. Nimekuta "na wewe ulizidi".

Uliandika mwenyewe kwamba ruta zikiwa mbili, moja lazima iambiwe inyamaze, ndipo zikae pamoja miaka. Mama alijua kunyamaza. Wewe ulijua kuandika tu.

Lile neno la siri la mapokezi nimelibandua na jipya nimeliweka. Ukipita Masoko ukataka mtandao, uliza mapokezi kama mgeni mwingine yeyote.

Naima